Habari za Tambi na Safari Zake

Mtu ashukaye katika kivuko cha Kigamboni upande wa Magogoni, akalipita soko la samaki, kisha akafuata njia mpaka Kariakoo, ataona katika maduka ya huko magunia ya mchele, choroko, kunde na uwele, na mafungu ya viazi vitamu na mihogo. Juu ya rafu, mbele ya magunia hayo, ataona pakiti za tambi zimepangwa. Watu huzinunua kila siku, na wachache tu huuliza zimetoka wapi. Ukiwauliza, mmoja atakuambia kwamba ni chakula cha Waarabu. Wa pili atasema ni cha Wahindi. Wa tatu, cha Wataliana. Na yule aliyesoma kidogo atasema ni cha Wachina. Leo, wapenzi wasomaji, twataka kuyapima maneno hayo manne, kila moja kwa zamu yake. Wala hatufanyi hivyo kwa kutaka elimu tu. Katika habari za tambi mna fundisho lituhusulo sisi tulimao mashamba, nalo tutalifikia mwisho.

Kwanza tulitazame jina. Utambi ni uzi wa pamba utiwao katika taa ya mafuta, na wingi wake ni tambi. Mtu akiangalia nyuzi hizi nyembamba zilizolala pamoja, hatashangaa kuona jina la taa limeingia jikoni. Mataifa mengine nayo yamekipa chakula hiki majina ya vitu walivyovijua. Waarabu huziita tambi nyembamba shaʿriyya, kwa neno lao la nywele. Wataliana huziita nyingine spaghetti, maana yake nyuzi ndogo za kamba, na nyingine vermicelli, maana yake vijiminyoo. Basi mmoja aliona nywele, wa pili kamba, wa tatu minyoo, na sisi watu wa pwani tukaona taa. Kitu ni kile kile, lakini kila taifa lilikitazama kwa macho yake.

Pili, tuseme tambi ni nini. Ni unga uliokandwa kwa maji ukawa mgumu, kisha ukavutwa kwa mikono, au ukakatwa kwa kisu, au ukasukumwa katika tundu ndogo, hata ukawa nyuzi. Nyuzi hizo zaweza kupikwa zingali mbichi. Lakini zikianikwa zikakauka vizuri, hapo ndipo faida yake kubwa ionekanapo. Kila mkulima ajua taabu ya kuweka chakula. Nafaka huingiwa na fukusi, na unga hushika unyevu ukaota ukungu. Mkate haumalizi juma. Bali tambi kavu, zikiwekwa mahali pasipo maji, zaweza kukaa mwaka mzima na zaidi. Nazo ni nyepesi, hubebeka, na huiva upesi kwa kuni chache. Kwa hiyo zilikuwa chakula cha baharia, cha mfanya biashara na cha askari. Twaweza kusema kwamba tambi ni unga uliofundishwa kusafiri. Jambo hili likumbukwe, maana ndilo lielezalo jinsi zilivyofika katika bandari nyingi za dunia, na yetu ikiwa mojawapo.

Sasa tulipime neno la yule aliyesema Wachina. Huyu ana ushahidi mkubwa. Katika nchi ya Uchina, upande wa kaskazini magharibi, karibu na Mto Manjano, pana mahali paitwapo Lajia. Yapata miaka 4,000 iliyopita kijiji cha hapo kiliharibiwa na tetemeko la nchi na gharika, kikafunikwa na udongo. Wataalamu walipochimba waliona bakuli la udongo limelala kifudifudi, na chini yake mna tambi nyembamba za rangi ya manjano, zenye urefu wa kama nusu mita. Habari hii ilitangazwa mwaka 2005. Hakuna tambi nyingine za kale kama hizo zilizokwisha kuonekana.

Lakini jambo la kushangaza zaidi ni kwamba tambi za Lajia hazikuwa za ngano. Wataalamu walipozipima waliona kwamba zimefanywa kwa nafaka ndogo ndogo za jamii ya uwele. Wengine walibisha, wakasema unga wa nafaka hizo hauvutiki. Nao ni kweli, maana ngano ina mnato ambao nafaka hizo hazina. Hata mwaka 2014 wataalamu wakaonyesha kwamba unga huo, ukitayarishwa vema na kusukumwa katika tundu, hutoa nyuzi zifananazo na zile za bakuli. Basi tambi za kale kuliko zote tuzijuazo zilitoka katika nafaka ndogo, ndugu wa ule uwele ambao baadhi yetu huudharau na kuuita chakula cha njaa.

Baadaye Wachina walipata ngano nyingi, wakajifunza ufundi wa kuvuta kwa mikono. Katika mji wa Lanzhou fundi huchukua donge la unga, akalivuta hata likawa kamba moja nene, akaikunja mara mbili, akaivuta tena, akaikunja tena. Walimu wenzetu wa hesabu wataipenda kazi hii. Akikunja mara ya kwanza hupata nyuzi 2. Mara ya pili 4. Mara ya tatu 8. Na akifika mara ya nane ana nyuzi 256 mikononi mwake, wala hakutumia kisu wala mashine. Wachina hula tambi ndefu siku ya kuzaliwa mtu, kwa kumtakia maisha marefu, na wala hawapendi zikatike. Wajapani nao hula tambi za namna yao usiku wa kumaliza mwaka. Katika nchi hizo mtu hula kwa vijiti viwili, naye akivuta tambi kwa sauti hawi amekosa adabu.

Sasa twende kwa Wataliana. Watu wengi wameambiwa kwamba msafiri Marco Polo, mtu wa mji wa Venice, ndiye aliyezichukua tambi Uchina na kuzipeleka Italia. Hadithi hii ni tamu, lakini si kweli. Marco Polo alirudi kwao mwaka 1295. Lakini mwaka 1279, yaani miaka 16 kabla ya kurudi kwake, mwandishi wa hati katika mji wa Genoa aliandika orodha ya mali ya askari mmoja, na katika mali hiyo akataja kapu la makaroni. Mtu hawezi kurithisha kitu ambacho hakijafika nchini mwake. Hadithi ya Marco Polo ilienezwa sana na gazeti la watengenezaji wa makaroni wa Marekani mwaka 1929, watu waliotaka bidhaa yao ipate sifa. Basi na tujifunze hapa kwamba jambo kuchapishwa si hoja ya kuwa ni kweli. Yatupasa kuuliza limeandikwa na nani, lini, na kwa faida gani.

Ushahidi wa zamani zaidi kwa upande huo twaupata katika kitabu cha mtaalamu wa jiografia, Al-Idrisi. Huyu alikuwa Mwislamu, naye alifanya kazi katika baraza la mfalme Mkristo, Roger wa Pili wa Sisilia, kisiwa kilicho kusini ya Italia. Kitabu chake kilimalizika mwaka 1154. Humo ameeleza habari za mahali paitwapo Trabia, karibu na mji wa Palermo, penye maji yatiririkayo na vinu vingi. Watu wa hapo, asema, walifanya tambi kwa wingi, wakazipakia vyomboni na kuzipeleka Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Neno alilolitumia ni itriyya, neno la kale ambalo limo pia katika vitabu vya Wayahudi wa nchi takatifu, vya miaka mingi kabla yake. Kwa hiyo yule aliyesema tambi ni za Waarabu naye ana sehemu ya kweli. Na kitabu hicho hicho cha Al-Idrisi chataja pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, pamoja na miji ya Malindi na Mombasa. Katika maandishi ya mtu mmoja zimo tambi za Sisilia na bandari za Waswahili. Ulimwengu wa bahari ulikuwa umeunganika zamani kuliko wengi wetu tudhanivyo.

Wataliana wenyewe hawakuwa wala-tambi wakubwa tangu mwanzo. Watu wa mji wa Naples zamani waliitwa kwa mzaha wala-majani, kwa sababu chakula chao kilikuwa mboga nyingi. Katika karne ya 17 mashine za kusukuma tambi zilienea huko, bei ikashuka, na maskini wa Naples wakaacha jina lile wakaitwa wala-makaroni. Tambi zilitundikwa juu ya fito barabarani, zikakaushwa kwa upepo wa bahari na wa mlima. Kazi hiyo ilitaka akili, maana zikikauka upesi mno hupasuka, na zikichelewa huchacha. Watu walizila kwa mkono, wamesimama njiani, uso umeelekezwa juu. Hata ule mchuzi mwekundu wa nyanya, ambao leo hudhaniwa kuwa ni wa Italia tangu kale, haukuweza kuwako kabla ya mwaka 1492, kwa kuwa nyanya asili yake ni Amerika. Basi chakula kiitwacho cha taifa, mara nyingi ni mgeni aliyekaa sana.

Amebaki yule aliyesema Wahindi. Huko Bara Hindi tambi nyembamba za ngano huitwa seviyan au sev, nazo hupikwa kwa maziwa, sukari, tende na lozi, hasa siku ya Idi. Kusini ya Bara Hindi na katika kisiwa cha Sri Lanka hufanywa tambi za unga wa mchele, ambazo hupikwa kwa mvuke na kuliwa kwa tui la nazi. Na ng'ambo ya bahari, katika Omani na nchi za Ghuba, kuna chakula kiitwacho balaleet: tambi tamu zenye iliki na zafarani, na juu yake huwekwa mayai yaliyokaangwa. Msomaji wa pwani atatambua jamaa zake hapa mara moja. Iliki ni ile ile, sukari ni ile ile, nazi ni ile ile.

Na ajabu iko wapi? Kwa karne nyingi pepo za kaskazi zilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi mpaka pwani yetu, na kusi ikavirudisha. Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa zilikuwa bandari kubwa wakati Dar es Salaam haijawa mji. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji wake karibu na kijiji cha wavuvi kiitwacho Mzizima, akafariki mwaka 1870 kazi haijaisha. Mwaka 1891 Wadachi waliufanya mji huo kuwa makao makuu ya utawala wao badala ya Bagamoyo. Reli ya kati ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Katika vita vya 1914 hata 1918 Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na mahali walipokaa wapagazi wa jeshi lao, kundi lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, pakapata jina la Kariakoo. Ndivyo jina la mizigo mizito na vifo vingi lilivyokuwa jina la soko.

Katika mji huo walikutana Wazaramo, Washomvi, Waarabu, Wahindi, Wamanyema, Wanyamwezi, na watu wa kila pembe ya nchi. Kila mmoja alikuja na chungu chake. Na mlango ukiwa karibu na mlango, harufu haina mpaka. Mpishi wa pwani alizipokea tambi, akazipika kwa namna yake. Huzivunja vipande, akazikaanga kwa mafuta au samli, huku akizigeuza mpaka zipate rangi ya kahawia. Kukaanga huku si kwa ladha tu. Mafuta huzishika nyuzi kila moja peke yake, zisigandamane. Kisha hutia tui la nazi, sukari, iliki na chembe ya chumvi, na mwenye uwezo huongeza zabibu kavu. Hupunguza moto, akafunika, na wapishi wa zamani wakapalia makaa juu ya mfuniko, hata tui likauke na tambi zichambuke.

Mwezi wa Ramadhani sahani ya tambi huwekwa katika futari, pamoja na mihogo ya nazi, magimbi, kaimati na uji. Siku ya Idi hupelekwa kwa majirani, na sisi Wakristo wa mjini twaijua sahani hiyo iliyofunikwa kitambaa. Krismasi ikifika, sahani ile hairudi tupu. Wala hakuna aulizaye ikiwa tambi ni za dini gani. Kama mfalme Roger na Al-Idrisi waliweza kukaa baraza moja miaka karibu 900 iliyopita, si ajabu majirani wa mtaa mmoja waweze kula sinia moja.

Tuwatazame pia majirani zetu wa Somalia, maana habari yao ni fundisho zuri. Wataliana walitawala sehemu kubwa ya nchi hiyo tangu mwisho wa karne ya 19 mpaka mwaka 1941, na desturi ya kula tambi, ambazo Wasomali huziita baasto, ikaenea. Watawala waliondoka, baasto ikabaki. Lakini Msomali haili kama Mtaliana. Huiweka na mchuzi wa nyama wenye viungo, na kando yake ndizi mbivu. Ndizi hiyo yatoka wapi? Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali wa samli, pamoja na ndizi zilizopikwa katika maziwa. Basi ndizi ilikuwa katika sinia la Mogadishu miaka mia nyingi kabla ya Mtaliana wa kwanza kuja na tambi zake. Mgeni alipofika aliketishwa mahali pa wali, na ndizi haikuondoka mahali pake.

Sasa tumekwisha kuwasikia wale wanne, na hukumu yetu ni hii: kila mmoja amesema kweli nusu. Tambi si mali ya Mchina peke yake, wala Mwarabu, wala Mhindi, wala Mtaliana. Kila taifa lililoipokea kazi hii liliifanya kwa nafaka yake na kuipika kwa viungo vyake. Swali lililobaki ni letu: je, sisi tumefanya nini? Kupika tumepika. Lakini pakiti ile ya Kariakoo, tukiifuata kinyumenyume, yatupeleka wapi?

Mara nyingi yatupeleka ng'ambo. Tambi nyingi zimefanywa katika nchi nyingine. Na hata unga wa ngano usagwao Dar es Salaam, ngano yake nyingi huja melini. Ngano haistawi katika joto la pwani. Hapa kwetu hulimwa nchi za juu zenye baridi, kama Hanang, Kilimanjaro ya magharibi na nyanda za kusini. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika wilaya ya Hanang, na yakafikia saba. Ngano ilipatikana, lakini Wabarabaig, wafugaji wa nchi hiyo, walipoteza malisho yao mazuri, wakaenda mahakamani kwa ajili ya ardhi hiyo. Basi hata ngano ya nyumbani haikupatikana bure, alikuwapo aliyeilipa.

Na mwaka 2022 tuliona hatari ya kutegemea meli. Urusi na Ukraine zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote iliyouzwa na nchi moja kwa nyingine duniani, na Afrika ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wao. Vita vilipoanza mwezi wa Februari, bei ikapanda. Mama auzaye chapati na maandazi, ambaye hajapata kusikia jina la bandari ya Odessa, aliona faida yake imeliwa na vita vya watu wasiomjua. Hili ndilo jambo lenye uzito katika habari yetu: mtu asiyejua chakula chake kimetoka wapi hawezi kujua njaa yake itatoka wapi.

Je, tuache kula tambi? Hapana. Na tutazame waliyoyafanya wengine. Baada ya vita kuisha mwaka 1945, Japani ilikuwa na njaa, na Marekani ikapeleka unga mwingi wa ngano. Watu walihimizwa kula mkate. Momofuku Ando, aliyezaliwa Taiwani mwaka 1910, alijiuliza kwa nini unga ule usifanywe tambi, chakula ambacho watu wamekizoea. Mwaka 1958, katika kibanda nyuma ya nyumba yake katika mji wa Ikeda, alivumbua njia ya kuzikaanga tambi zilizokwisha kupikwa, maji yakatoka, zikabaki na vitundu vidogo; zikimwagiwa maji ya moto huwa tayari baada ya dakika chache. Leo dunia hula zaidi ya pakiti bilioni 100 za namna hiyo kila mwaka, na madukani kwetu zimo. Tambi hizo zina chumvi nyingi, wala hazifai kuwa chakula cha mtoto cha kila siku. Lakini akili ya Ando yafaa kuigwa. Aliupokea unga wa kigeni, akaulazimisha kuwa chakula cha kwao.

Wengine wamekwenda mbele zaidi, wakaiacha ngano kabisa. Huko Uchina hufanywa tambi za choroko, choroko hizi hizi zilizo katika magunia ya Kariakoo. Choroko hulowekwa, husagwa na maji, huchujwa, na maji yakaachwa yatulie mpaka wanga utuame chini, kama mama zetu wafanyavyo wapatapo wanga wa muhogo. Wanga huo hukandwa, husukumwa katika tundu juu ya maji yanayochemka, kisha nyuzi hutiwa katika maji baridi na kuanikwa. Zikikauka hung'aa kama kioo. Wakorea hufanya tambi za wanga wa viazi vitamu. Watu wa Vietnam, Thailand na kusini ya Uchina hufanya za mchele. Choroko, viazi vitamu, mchele: tuhesabu, wapenzi wasomaji, ni kipi kati ya hivi tusichokilima?

Na yule ambaye angependa kujaribu, aanze na tambi za mchele za Bara Hindi ya kusini, maana hazitaki kukaushwa wala mashine kubwa. Achukue unga laini wa mchele, aukaange bila mafuta katika sufuria kwa moto mdogo, usibadili rangi. Atie chumvi kidogo, amimine maji yanayochemka kidogo kidogo huku akikoroga kwa mwiko, kisha aukande ungali na moto mpaka uwe donge laini. Maji ya moto ndiyo siri yake. Mchele hauna mnato wa ngano, bali ukiunguzwa kwa maji hushikana. Autie donge katika chombo cha kusukumia, kile kile kitumiwacho na wapishi wa Kihindi kusukumia unga wa dengu katika mafuta. Na asiye nacho aweza kutoboa tundu ndogo chini ya kopo safi na kusukuma kwa mti uliochongwa kulingana na kopo. Nyuzi ziangukie juu ya kipande cha ukili au ungo mdogo, zipikwe kwa mvuke juu ya chungu cha maji kwa dakika kama kumi. Zikiwa tayari ziliwe kwa tui la nazi na sukari, au kwa mchuzi wa samaki. Mwenye mchele wake, nazi yake na kuni zake hatangoja meli.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahindi tuyalayo ugali yalitoka Amerika, na muhogo vilevile. Vilikuja kwa vyombo vya wageni, navyo vilikuwa vigeni kabisa kwa babu zetu. Lakini wale wazee walivipa jembe, wakavipanda, wakavichagulia mbegu, wakavitafutia majina na nyimbo. Na leo mtu akisema kwamba ugali ni chakula cha kigeni, tutamcheka. Tambi zimekaa nasi muda mrefu. Tumezipa jina zuri, jina la taa. Tumezipa nazi na iliki, tumezipa mahali katika futari na katika sikukuu. Jembe hatujazipa.

Kazi hiyo haitaki kiwanda kikubwa kwanza. Yataka walimu waionyeshe shuleni, akina mama waijaribu katika vyama vyao, na mkulima wa choroko aulize kama hawezi kuuza kitu zaidi ya gunia. Katika Lajia, miaka 4,000 iliyopita, mtu wa kijijini asiyejulikana jina alichukua nafaka ndogo ya shamba lake akaifanya nyuzi ndefu nusu mita, akazitia katika bakuli la udongo. Hakuwa na mashine wala ngano. Alikuwa na shamba, maji, moto na mikono miwili. Na hivyo vyote, kwa rehema za Mungu, sisi pia tunavyo.